Pete Rose na kibao cha shaba: je, kifo kimefuta deni?

Kila mwezi wa Julai, mji mdogo wa Cooperstown katika jimbo la New York hufurika watu. Ndiyo wikendi ambayo magwiji wapya wa besiboli wanaingizwa rasmi kwenye Ukumbi wa Umaarufu, na vibao vyao vya shaba vinatundikwa ukutani pamoja na vya waliowatangulia. Kwa miaka mingi, hatua chache kutoka kwenye mlango wa ukumbi huo, katika duka la barabara kuu, alikuwa akikaa mzee mmoja nyuma ya meza, kalamu mkononi, akisaini mipira kwa malipo. Mzee huyo ndiye aliyepiga mapigo mengi kuliko mtu yeyote aliyewahi kucheza ligi kuu ya Marekani. Kibao hakuwa nacho.

Baadhi ya mipira aliisaini pamoja na sentensi nzima ya kuomba radhi kwa kubeti kwenye besiboli. Nayo iliuzwa. Picha ya mpira ule hainitoki kichwani: samahani ya mtu, kwa mwandiko wake, ikiwa na bei.

Pete Rose alifariki Las Vegas tarehe 30 Septemba 2024, akiwa na miaka 83. Tarehe 13 Mei 2025 kamishna wa ligi, Rob Manfred, alitangaza kwamba adhabu ya kufungiwa inakoma mhusika anapokufa, na jina la Rose likaondolewa kwenye orodha pamoja na marehemu wengine. Kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1991, njia ya kumpigia kura iko wazi. Swali lililoahirishwa kwa zaidi ya miaka 30 sasa linadai jibu: apewe kibao au asipewe?

Mimi nasema asipewe. Lakini nitaanza na upande unaoniuma, maana kama Rose angekuwa mchezaji wa kawaida kisa hiki kingeshasahaulika.

Kwa asiyeufuatilia mchezo huu: mrushaji anatupa mpira, mpigaji anaupiga kwa gongo, na akifika salama kwenye besi ya kwanza, yaani kituo cha kwanza cha kukimbilia, kwa ubora wa pigo lake, bila mpinzani kufanya kosa, linahesabiwa pigo. Mpigaji akifaulu mara tatu katika kila majaribio kumi, na akadumu hivyo miaka na miaka, huyo ni bingwa. Rose alidumu hivyo kwa misimu 24, kuanzia 1963 hadi 1986. Mapigo 4,256. Mechi 3,562. Alichaguliwa mara 17 kwenye kikosi cha nyota, tena katika nafasi tano tofauti uwanjani, jambo ambalo hakuna mwingine aliyelifanya. Alitwaa ubingwa mara mbili na Cincinnati Reds, 1975 na 1976, na mara moja na Philadelphia Phillies, 1980.

Na hakuwa na kipaji cha kutisha. Hakuwa na mbio za ajabu wala mkono wa kurusha mpira kama mshale. Alichokuwa nacho ni bidii isiyopoa. Mrushaji akikosea mara nne, mpigaji anapewa besi ya kwanza bure, na desturi ni kutembea kuifuata. Rose aliikimbilia. Alipokuwa anawahi besi alijirusha kichwa mbele, tumbo likikwaruza udongo, mpaka jezi haijulikani rangi. Watu wa kazi za mikono wa Cincinnati, mji aliozaliwa na kukulia, walijiona ndani yake. Waliona kwamba hata asiyebarikiwa sana anaweza kufika juu ya wote.

Usiku wa tarehe 11 Septemba 1985, uwanja wa Riverfront ukiwa na watu zaidi ya 47,000, alipiga mpira wa Eric Show wa San Diego ukatua kushoto kati ya walinzi. Pigo la 4,192. Rekodi ya Ty Cobb, aliyecheza mara ya mwisho mwaka 1928, ilikuwa imevunjwa. Mechi ilisimama. Shangwe ilidumu dakika baada ya dakika, na Rose, mtu ambaye hakuwahi kuonekana na haya wala woga uwanjani, akabaki amesimama peke yake kwenye besi ya kwanza bila kujua mikono aiweke wapi. Akaangalia juu, akaanza kulia. Mwanawe wa miaka 15 akaja kutoka kwenye benchi, wakakumbatiana. Anayeitazama picha ile bila kuguswa, sijui anatafuta nini kwenye michezo.

Wakati huo Rose alikuwa mchezaji na meneja kwa pamoja. Meneja kwenye besiboli ndiye kocha mkuu: anapanga nani acheze, nani apumzike, mrushaji gani aingie na atoke lini. Liweke hilo akilini, maana kesi yote inakaa hapo.

Februari 1989 aliitwa ofisi ya kamishna New York kujibu tetesi za kamari. Alikana kubeti kwenye besiboli. Ofisi ikamwajiri mwanasheria John Dowd kuchunguza, na mwezi Mei Dowd akawasilisha ripoti ya kurasa 225 yenye kumbukumbu za simu, hundi, karatasi za dau na maelezo ya watu waliompokelea au kumpelekea dau. Ripoti ilionyesha kwamba mwaka 1987, akiwa meneja wa Reds, alibeti kwenye mechi 52 za Reds. Tarehe 24 Agosti 1989 kamishna Bart Giamatti, profesa wa fasihi aliyewahi kuwa rais wa Chuo Kikuu cha Yale, alitangaza kwamba Rose amesaini makubaliano ya kufungiwa daima. Makubaliano yenyewe hayakutamka kwamba alibeti kwenye besiboli. Hilo ndilo mawakili wa Rose walilipigania. Lakini waandishi walipomuuliza Giamatti anaamini nini, alijibu waziwazi kwamba ndiyo, alibeti. Siku nane baadaye Giamatti alikufa kwa mshtuko wa moyo, akiwa na miaka 51.

Sheria aliyoivunja ni kanuni ya 21, na haina mafumbo. Ukibeti kwenye mechi ya besiboli isiyokuhusu, unafungiwa mwaka mmoja. Ukibeti kwenye mechi ambayo una kazi ndani yake, unafungiwa daima. Haisemi ukibeti timu yako ifungwe. Inasema ukibeti. Kanuni hiyo imebandikwa kwenye chumba cha kubadilishia nguo cha kila timu. Rose aliipita kila siku ya kazi kwa zaidi ya miaka 20, akivaa, akivua.

Kanuni hiyo ina mama yake. Mwaka 1919 wachezaji wanane wa Chicago White Sox walihusishwa na njama ya kuuza fainali ya ubingwa. Mahakama iliwaachia mwaka 1921, na kesho yake kamishna wa kwanza wa ligi, Kenesaw Mountain Landis, akawafungia wote hadi mwisho wa uhai wao. Mmoja wao ni Joe Jackson, mpigaji hodari ajabu, aliyepokea dola 5,000. Na timu iliyobeba ule ubingwa uliochafuka? Cincinnati Reds. Mji uleule. Kama kuna sehemu duniani ambako mtu wa besiboli alipaswa kujua kamari inafanya nini kwenye mchezo, ni pale alipozaliwa Rose.

Utetezi unaosikika zaidi, na wenye kuvutia zaidi, ni huu: Rose hakuwahi kubeti timu yake ifungwe. Alibeti ishinde. Basi kosa liko wapi, kocha akiamini vijana wake kiasi cha kuwawekea pesa?

Nimelisikia hata kwa watu ninaowaheshimu, kwa hiyo niliendee taratibu. Msimu wa ligi ile una mechi 162. Ni safari, kama ya daladala inayotakiwa kurudi barabarani kesho na keshokutwa. Mkono wa mrushaji unachoka; akitupa leo anahitaji kupumzika, na meneja mzuri anakubali kupoteza mechi ya leo ili asiue mkono wa kijana utakaohitajika Septemba, msimu ukielekea mwisho. Sasa mpe meneja huyo dau la maelfu ya dola kwenye mechi ya usiku huu. Mrushaji wake wa kuokoa mechi katupa jana na juzi, mkono unauma, lakini matokeo ni mawili kwa moja na mechi iko ukingoni. Atamwingiza? Anayeamua si meneja tena, ni mkeka wake. Na kijana yule mkono ukimpasukia, hatajua kamwe kwamba aliitwa uwanjani kwa sababu bosi wake alikuwa na pesa pale.

Kuna la pili, ambalo ni baya zaidi kwa sababu halionekani. Rose hakubeti kila mechi. Ripoti ya Dowd ilihesabu mechi 52 za Reds kati ya mapema Aprili na mapema Julai 1987, kipindi ambacho timu ilicheza zaidi ya 70. Yeye mwenyewe mwaka 2007 alidai alibeti kila usiku, hesabu inamkatalia. Siku ambazo meneja habeti timu yake, anayepokea dau anasoma ujumbe: leo mwenye timu hana imani nayo. Ujumbe huo ni pesa taslimu kwa mtu wa kamari. Rose hakuhitaji kubeti Reds ifungwe ili kuiuza. Kunyamaza kwake tu kulitosha.

Halafu kuna deni. Anayebeti na watu wa vichochoroni, nje ya sheria, siku akidaiwa hadaiwi kwa barua. Anaambiwa: tufanyie jambo dogo, mara moja tu. Hakuna ushahidi kwamba Rose alifika hapo, na sisemi alifika. Kanuni ya 21 ipo ili mtu asifike kwenye mlango huo, kwa sababu akishaingia hakuna atakayejua ameingia. Timu ni amana. Meneja amekabidhiwa mikono ya vijana, tiketi za mzazi aliyeleta watoto uwanjani, na imani ya mji mzima kwamba kinachoonekana ndicho kilichopo. Aliyeshika amana akiiwekea dau amefanya hiana, hata kama siku hiyo ameshinda.

Mwaka 1990 Rose alikiri kuwasilisha taarifa za uongo za kodi, akatumikia miezi mitano jela huko Marion, Illinois. Alilipia kosa hilo, na mimi silihesabu kwenye suala la kibao.

Ninalohesabu ni uongo. Kuanzia 1989 hadi Januari 2004, miaka karibu 15, alisimama mbele ya kila kipaza sauti akasema hakubeti kwenye besiboli. Wakati huohuo Dowd akiitwa mzushi, na waliotoa ushahidi wakiitwa wahuni wenye chuki. Baadhi yao kweli hawakuwa watu safi. Lakini walisema kweli, na shujaa alidanganya, na maelfu ya mashabiki wa Cincinnati waligombana na majirani wakimtetea. Alipokiri hatimaye, alikiri ndani ya kitabu chake cha kuuzwa. Tena akasisitiza alibeti akiwa meneja tu, si mchezaji. Juni 2015 zikatoka kurasa za daftari la mshirika wake wa zamani zikionyesha dau za mwaka 1986, angali anacheza. Ukweli wa Rose ulitoka kwa mafungu, kila fungu baada ya mwingine kulitoa hadharani kwanza. Mwaka huohuo wa 2015 alikutana na Manfred kuomba afunguliwe. Katika kikao hicho alikana kwanza, kisha akakubali kwamba bado anabeti kwenye besiboli, safari hii kihalali, Las Vegas. Manfred alimkatalia mwezi Desemba. Ningekuwa mimi, ningefanya vilevile, nikiwa na huzuni.

Nikiri upande wa pili. Ukumbi wa Umaarufu haukumtendea haki. Februari 1991, mwaka mmoja kabla Rose hajafikia muda wa kupigiwa kura, bodi yake ilipitisha kanuni mpya: aliyefungiwa na ligi hawezi kuwa kwenye karatasi ya kura. Kila mtu alijua imetungwa kwa ajili ya mtu mmoja. Kubadilisha sheria mtu akiwa ameshafika mlangoni si haki, hata kama huyo mtu ana makosa. Wangemwacha awekwe mbele ya waandishi wa habari wenye kura, wampime hadharani, wamnyime au wampe. Wapo walioandika jina lake kwa mkono kwenye karatasi zao, hazikuhesabiwa. Hasira ya wapenzi wake kwa hilo ina msingi, na miaka yote hiyo imewafanya watu wadhani kesi yake haikuwahi kusikilizwa.

Hoja yao nyingine yenye uzito ni unafiki wa ligi yenyewe. Zamani woga wa kamari ulikuwa mkali kiasi kwamba Willie Mays na Mickey Mantle, magwiji waliokwisha kustaafu, walifungiwa kwa kuajiriwa na makasino kukaribisha wageni tu, mpaka kamishna mwingine alipowafungulia mwaka 1985. Leo, tangu Mahakama ya Juu ya Marekani ilipofungua njia mwaka 2018 majimbo kuruhusu kubeti, ligi hiyohiyo ina mikataba na makampuni ya kamari na matangazo yao yanapita kwenye skrini katikati ya mechi. Inakuwaje, wanauliza, wauze mikeka mlangoni na kumnyima Rose heshima?

Mimi naisoma kinyume. Matangazo yale yananikera, ndiyo. Lakini kadiri kamari inavyokaribia uwanja, ndivyo kanuni ya 21 inavyobaki peke yake kushikilia ukuta. Juni 2024 kijana Tucupita Marcano alifungiwa daima baada ya kugundulika aliweka zaidi ya dola 150,000 kwenye besiboli, zikiwemo dau kwenye mechi za Pittsburgh Pirates, timu iliyokuwa ikimlipa mshahara akiwa majeruhi. Novemba 2025 waendesha mashtaka wa New York waliwashtaki warushaji wawili wa Cleveland kwa madai ya kupanga baadhi ya mitupo ili watu wa kamari wanufaike. Wote wawili walikana. Mvulana wa miaka 22 anayefungua simu na kuona programu ya kubeti kila dakika anahitaji jambo moja liwe halina mjadala. Kibao cha Rose kitamwambia kwamba lina mjadala, subira tu ndiyo inayotakiwa.

Na ule uamuzi wa Mei 2025? Lugha yetu ilikuwa imeshalijibu swali la kamishna. Sisi tunasema mtu "kafungiwa maisha", na maisha yakiisha kifungo kimekwisha; hakuna anayemfungia marehemu. Manfred alieleza kwamba aliyekufa hawezi tena kuhatarisha mchezo. Ni kweli. Rais Donald Trump naye alikuwa akishinikiza hadharani kwa miezi kabla ya hapo, na hilo lilinipa wasiwasi, lakini mantiki ya uamuzi naikubali. Ila kuondolewa kizuizi na kutukuzwa ni mambo mawili. Kufungiwa ni kuzuiwa kazi. Kibao ni heshima, na heshima haidaiwi hata na mtu asiye na kosa.

Wengine wananiambia ukutani pale kuna watu wabaya kuliko Rose, wabaguzi wa rangi walioupigania ubaguzi. Wapo. Cap Anson, aliyekataa kucheza na weusi, yumo. Ndiyo maana sikujenga hoja yangu juu ya ulevi wa mtu, ndoa zake wala kodi yake. Hata hivyo, kuna jambo moja siwezi kulipita. Mwaka 2017, katika kesi ambayo Rose mwenyewe aliifungua dhidi ya Dowd, mwanamke mmoja alitoa kiapo cha maandishi kwamba uhusiano wake wa kimapenzi na Rose miaka ya 1970 ulianza kabla hajafikisha miaka 16. Rose alikubali uhusiano ulikuwepo, akasema aliamini msichana ana 16. Yeye alikuwa mtu mzima wa zaidi ya miaka 30, mwenye watoto. Waliowekwa ukutani zamani waliwekwa na watu wa zamani. Huyu atawekwa na sisi, tukijua.

Karatasi ya kwanza inayoweza kubeba jina lake ni ya Desemba 2027. Kamati ya watu 16 itakaa, na atahitaji kura 12. Wakimpa, atatundikwa kiangazi cha 2028. Historia yake haihitaji kura hizo: vifaa alivyovitumia vimo tayari kwenye makumbusho ya jengo lilelile, mtoto yeyote anaweza kuvitazama, na hakuna atakayefuta namba 4,256 kwenye vitabu.

Ikiwa hoja yangu itashindwa, nina ombi moja kwa watakaoandika kibao hicho. Waandike mapigo. Waandike usiku wa 11 Septemba 1985. Na kwenye shaba ileile, kwa herufi za ukubwa uleule, waandike kwamba mwaka 1989 alifungiwa kwa kubeti kwenye mechi za timu aliyokuwa akiiongoza.